Ahadi ndogo inayotimizwa: taasisi ya ushauri nasaha na siri za wateja wake

Mwezi Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alitoa agizo ambalo kwa sura yake lilikuwa la huruma: makamishna wa kaunti, wakishirikiana na maofisa wa elimu na afya, wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, za walezi wao, na za akina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio katika hali hiyo, ili Serikali ijue huduma zinahitajika wapi. Shirika la KELIN, linalotetea haki za afya kwa njia ya sheria, na wenzake walikwenda Mahakama Kuu. Desemba 2016 mahakama iliamua kwamba kukusanya taarifa hizo kwa namna inayounganisha jina la mtoto na hali yake ya afya kulikiuka haki ya faragha iliyomo katika Katiba, ikaamuru zile zilizokwisha kukusanywa zigeuzwe ziwe namba za siri. Kesi hiyo haikuhusu taasisi ya ushauri nasaha, lakini inafaa kuwa mahali pa kuanzia, kwa sababu inaonyesha jinsi madhara yanavyoweza kuingia bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Inatosha kuwa na nia njema, fomu yenye safu ya jina, na ofisi ambayo haijajiuliza ni nani mwingine ataisoma fomu hiyo.

Taasisi nyingi za ushauri nasaha zinazoanzishwa Afrika Mashariki huanza na mambo hayo hayo matatu. Waanzilishi huwa watu wema: muuguzi mstaafu, mchungaji, mwalimu aliyechoka kuona wanafunzi wakiharibikiwa, mwanasaikolojia aliyetoka chuoni. Katiba yao huwa na ibara ya usiri iliyonakiliwa kutoka katiba ya taasisi nyingine. Maswali ambayo hayapewi muda ni yale ya utendaji: nani anaona nini, nani analipa, nani ana mamlaka ya kuagiza jalada lifunguliwe, na mteja aliambiwa nini kabla hajaanza kusimulia. Maoni yangu, ambayo nitayapima mbele ya hoja nzito za wanaoyapinga, ni kwamba taasisi ya namna hii iaminiwe kwa udogo wa ahadi yake kuliko kwa ukubwa wake. Iahidi kile tu inachoweza kukitimiza, itangaze mipaka ya usiri mapema, na ikatae kujua yale ambayo haina kazi nayo.

Ushauri nasaha kama huduma ya ofisini ulienea kwetu kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya janga la Ukimwi. Kuanzia mwaka 2001 vituo vya Angaza, vya ushauri nasaha na kupima virusi kwa hiari, vilifunguliwa katika mikoa ya Tanzania, na Kenya nayo ikawa na vituo vyake vya namna hiyo, vilivyoitwa VCT, mijini na vijijini. Katika vituo vingi vya wakati huo mteja alijulikana kwa namba. Alishauriwa kabla ya kupima, akaamua mwenyewe kama apime au aondoke, akapewa majibu akiwa peke yake na mshauri. Ulikuwa utaratibu wenye heshima kubwa kwa uhuru wa mtu, na naamini ndio uliowapa wengi ujasiri wa kuvuka mlango. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na Ukimwi, walitoa mwongozo wa kubadili mwelekeo: mhudumu wa afya ndiye aanze kupendekeza kipimo kwa kila anayefika kituoni, na mgonjwa abaki na haki ya kukataa. Waliotetea badiliko hilo walisema, kwa haki kabisa, kwamba watu walikuwa wakifa bila kujua hali zao ilhali dawa zimeshafika, na kwamba huwezi kumfuatilia mgonjwa ambaye jina lake ni namba iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Waliolipinga walisema, nao kwa haki, kwamba haki ya kukataa ni kitu chembamba sana mbele ya muuguzi mwenye haraka na foleni iliyojaa nyuma yako.

Ukiyatazama mabishano hayo kwa utulivu, utaona kwamba kutojulikana kwa mteja kulikuwa rahisi wakati ambapo kituo hakikuwa na mengi ya kumpa baada ya majibu. Dawa zilipokuja, jina lilipata kazi ya kufanya, na kitu chenye kazi kinaweza kuombwa bila aibu. Kipimo hicho hicho ndicho ninachokipendekeza kwa taasisi ya leo, iwe inashughulikia ndoa, huzuni ya msiba, ulevi au ukatili wa kijinsia: kila safu ya fomu iwe na mtu anayeweza kusimama na kueleza inafanya kazi gani. Mara nyingi mteja wa ushauri wa ndoa huulizwa kabila, dhehebu, jina la mwajiri, kipato na jina la mwenyekiti wa mtaa, na ukimwuliza mpokeaji kwa nini, jibu ni kwamba fomu ilikuwa hivyo alipoajiriwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, na ile ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, zote mbili zinataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zisizidi mahitaji ya lengo hilo, na zinaziweka taarifa za afya katika kundi linalohitaji ulinzi wa ziada. Kwa hiyo hapa sheria na busara zinakwenda njia moja, jambo ambalo halitokei kila siku.

Pingamizi la kwanza linalostahili kusikilizwa linatoka kwa watu wanaoijua jamii yetu vizuri. Wanasema kwamba mteja anayeamua peke yake, ndani ya chumba kilichofungwa, ni mtu wa kubuni. Bibi harusi wa pwani ana somo au kungwi wake. Ugomvi wa ndoa una wazee wa pande mbili. Msiba una ukoo. Hata deni lina mdhamini. Kumtoa mtu katika mtandao huo, ukamwita mteja na kumwambia kwamba uamuzi ni wake pekee, ni kumpa uhuru ambao akitoka nje ya geti hawezi kuutumia. Tena kuna wanaoongeza kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kwamba shida ya mtu inatatuliwa na wanaoishi naye, wala haitatuliwi na mgeni anayelipwa kwa saa.

Hoja hii ina uzito, na wanaoipuuza huishia kuwa na ofisi nzuri isiyo na wateja. Hata hivyo inachanganya mambo mawili. Kushirikisha ukoo ni jambo moja, na ukoo kujishirikisha ni jambo jingine kabisa. Mama anayekuja na dada yake, akataka dada aketi naye tangu mwanzo hadi mwisho, ameutumia uhuru wake kwa namna ya kwetu, na taasisi inayomtoa dada nje kwa sababu mwongozo unasema mteja mmoja chumba kimoja inamdhulumu. Lakini shangazi anayepiga simu kesho yake kuuliza, “yule mtoto wetu amewaeleza nini?” hana haki ya kujibiwa, hata kama ndiye aliyelipa nauli. Kungwi mwenyewe, ambaye watu humtaja kama mfano wa ushauri wa kijamii usiojua faragha, hakuwa mtangazaji. Aliyoyasikia kutoka kwa mwari hayakupaswa kufika barazani, na aliyeyatoa alipoteza heshima na kazi. Faragha haikuletwa kwetu na meli. Kigeni ni kabati la majalada, na kabati hilo ndilo lenye hatari ambazo mila haikuwahi kulazimika kuzishughulikia.

Mfano mzuri wa kupima hoja hii ni mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, ambao baadaye ulifika hata Zanzibar. Akina bibi wa mtaani waliofundishwa mbinu rahisi za kutatua matatizo huketi na mteja kwenye benchi la mbao katika eneo la kliniki, mahali ambapo kila mpita njia anawaona. Kwa kipimo cha vitabuni, hapo faragha imeshavunjika kabla mtu hajafungua kinywa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha nafuu kubwa zaidi kwa waliopitia benchi hilo kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Watu waliona nani ameketi na bibi, lakini hawakusikia anachosema, na kwa wengi hilo lilitosha. Si kwa wote, hata hivyo. Msichana aliyebakwa na jirani hawezi kuketi mbele ya dirisha la jirani huyo, na mwanamume anayeogopa kuonekana dhaifu atapita mbali. Watu wengi wanaotumia kliniki za CTC, zinazotoa dawa na huduma kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, hupanda basi hadi wilaya nyingine, wakaacha kliniki iliyo nyuma ya nyumba yao, kwa sababu hiyo hiyo ya kuonekana. Taasisi makini inapaswa kumwachia mteja achague mwenyewe kama apendelea kuonekana na mtu anayemwamini au kutoonekana kabisa, na isije ikadhani kwamba jumba lenye kibao kikubwa barabarani linamfaa kila mmoja.

Ugumu wa uhuru wa kuamua unaonekana waziwazi zaidi pale ambapo mteja hakuja kwa hiari. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa katika mazingira maalumu, mgogoro upelekwe kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha, kabla mahakama haijapokea ombi la talaka. Lengo lake linaeleweka: ndoa isivunjwe kwa hasira za wiki moja, na watoto wapewe nafasi ya mwisho. Ninalikubali lengo hilo. Taabu huanza pale baraza, au mchungaji, au mwajiri, anapompeleka mtu kwa taasisi ya ushauri na kusubiri taarifa. Mke anayepigwa akiambiwa kwamba kikao ni cha kusuluhisha, atajua jibu linalotakiwa. Taasisi inayopokea watu wa aina hii lazima iamue mapema mteja wake ni nani, kwa sababu haiwezi kumtumikia mke na kumtumikia aliyemleta kwa wakati mmoja. Njia iliyo safi, kwa kadiri nilivyoona ikifanya kazi, ni kwamba aliyemleta apewe jambo moja tu, nalo ni kwamba alifika au hakufika. Hilo liandikwe katika barua ya makubaliano, na mteja asomewe barua hiyo mbele ya macho yake. Waajiri wengi huona hiyo ni huduma pungufu kwa fedha wanazolipa. Wana haki ya kuona hivyo, na taasisi ina haki ya kukataa fedha hizo.

Shuleni mambo huwa magumu zaidi. Mwalimu wa ushauri na unasihi mara nyingi ni mwalimu huyo huyo wa nidhamu, au rafiki yake wa karibu katika chumba cha walimu. Kwa miaka mingi nchini Tanzania mwanafunzi aliyegundulika kuwa na mimba alifukuzwa, na mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba hatarudi shule ya Serikali. Ni Novemba 2021 ndipo Wizara ya Elimu iliporuhusu warejee. Katika kipindi chote hicho, msichana aliyemweleza mnasihi wake kwamba amekosa siku zake alikuwa ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, hata kama mnasihi huyo alikuwa na moyo wa dhahabu. Watetezi wa utaratibu wa zamani walisema kwamba mwalimu hawezi kuwa na siri dhidi ya mwajiri wake, na kwa hilo walisema kweli. Ndiyo maana hakupaswa kuitwa mnasihi. Aliye na mamlaka ya kumwadhibu mteja, au anayeripoti kwa mwenye mamlaka hayo, anaweza kuwa mlezi mzuri, lakini asijitangaze kuwa mtu wa kuhifadhi siri.

Sasa nifike kwenye pingamizi zito kuliko yote, yaani usalama wa maisha. Mwaka 1969, Prosenjit Poddar, mteja wa huduma ya ushauri ya Chuo Kikuu cha California, alimwambia mtaalamu wake kwamba anakusudia kumwua msichana aitwaye Tatiana Tarasoff. Mtaalamu aliwaarifu polisi wa chuo, nao wakamhoji na kumwachia. Msichana na familia yake hawakuambiwa neno, na baadaye akauawa. Mahakama ya Juu ya California, katika hukumu za 1974 na 1976, ilisema kwamba mtaalamu ana wajibu kwa yule aliye hatarini pia, wala si kwa mteja wake tu. Jaji Clark aliyepinga hukumu hiyo alionya kwamba watu wenye mawazo ya kudhuru wakijua mshauri atasema, hawatakuja, na hivyo jamii itakuwa katika hatari kubwa zaidi. Mabishano haya hayajaisha popote duniani, na sidhani kama yataisha, kwa sababu kila upande una maiti wake wa kuonyesha: aliyekufa kwa kuwa mshauri alinyamaza, na aliyekufa kwa kuwa aliogopa kwenda kwa mshauri.

Kwetu kuna tabaka jingine la ugumu, nalo ni sheria ya jinai. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya nayo ilikuwa na kifungu cha 226, kilichobeba hadi miaka 2 ya kifungo, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Palipo na sheria ya namna hiyo, mshauri anayepiga simu polisi ili kuokoa maisha anaweza kuwa amemfungulia mteja wake kesi. Kwa hiyo agizo rahisi la “ukiona hatari, toa taarifa” halitoshi. Swali ni taarifa iende kwa nani. Daktari, ndugu ambaye mteja mwenyewe amemtaja siku ya kwanza, au muuguzi wa zamu wa hospitali ya rufaa, ni milango ambayo taasisi inapaswa kuwa imeshaizungumza na wenyewe kabla ya dharura, wala si kuanza kuitafuta usiku wa manane.

Shirika la Samaritans la Uingereza, linalopokea simu za watu walio katika dhiki na lililoanzishwa na kasisi Chad Varah mwaka 1953, linajulikana kwa msimamo wa kumwachia mpigaji simu uamuzi juu ya maisha yake, likiamini kwamba anayesikilizwa bila kulazimishwa ana nafasi kubwa ya kubaki hai. Wapo wanaoona msimamo huo ni ukatili uliovikwa nguo ya heshima. Mimi nauona ni wa kijasiri kwa mtu mzima aliyepiga simu bila kulazimishwa, ingawa sithubutu kuupendekeza kwa mtoto wala kwa mtu ambaye akili yake imevurugwa na ugonjwa au dawa. Lenye mafunzo zaidi ni kwamba shirika hilo hilo, mwishoni mwa Oktoba 2014, lilizindua programu iliyoitwa Samaritans Radar, iliyokuwa ikichungulia maandishi ya watu kwenye Twitter na kumtumia ujumbe mtu anayewafuatilia pindi maneno yao yakionyesha huzuni, bila wao kuombwa ridhaa. Baada ya malalamiko makali, yakiwamo ya watu wanaoishi na maradhi ya akili, ambao waliona kwamba programu hiyo ingewasaidia wanaowatesa kujua saa ya udhaifu wao, ilisimamishwa Novemba hiyo hiyo. Ikiwa shirika lenye zaidi ya miaka 60 ya kuheshimu siri linaweza kujisahau kiasi hicho kwa sababu ya hamu ya kuokoa, taasisi changa isidhani kwamba huruma yake inatosha kuwa kinga.

Kwa upande wa watoto, nasema wazi kwamba sioni mizani ikilingana. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa wake, na Tanzania na Kenya zote mbili zina namba ya simu 116 kwa ajili hiyo. Mtoto anayenajisiwa nyumbani hawezi kuachiwa siri inayomlinda anayemnajisi. Lakini hata hapa kuna namna ya kufanya na namna ya kuharibu. Mtoto aliyeambiwa tangu mwanzo, kwa maneno ya umri wake, kwamba “ukiniambia mtu anakuumiza, nitalazimika kumwambia mtu wa kutusaidia”, atachagua wakati wake wa kusema, na atakaposema atajua kinachofuata. Aliyeahidiwa siri kamili, kisha akaona gari la polisi getini, amejifunza kwamba watu wazima wote ni waongo, na hatasema tena kwa miaka mingi. Ndiyo maana nashikilia kwamba mipaka itangulie simulizi. Mteja akishafungua moyo ndipo ukamwonyesha mipaka, umemtega.

Kuna wanaohofu kwamba kutangaza mipaka mapema kutawafunga watu vinywa. Kwa baadhi itakuwa hivyo, na hiyo ni gharama ya kweli ambayo siwezi kuificha. Ila kunyamaza huko ni uamuzi wa mteja, uliofanywa akiwa na habari kamili, na akibadili nia atarudi kwa mtu ambaye hajamdanganya.

Jambo linalosahaulika katika mazungumzo haya ni kwamba usiri unaweza kumlinda mshauri badala ya mteja. Mshauri anayewatamani wateja wake, au anayewashinikiza kuingia katika dhehebu lake, au anayewakopesha fedha kwa riba, hupenda sana chumba kilichofungwa na msimamizi asiyeuliza. Siri ni mali ya mteja. Mshauri amekabidhiwa tu. Kwa hiyo taasisi inahitaji msimamizi anayejadili kesi na kila mshauri bila kutaja majina, mtu wa nje ambaye mteja anaweza kumpelekea malalamiko bila kupitia mapokezi, na kumbukumbu za malalamiko yenyewe. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliyounda Bodi ya kusajili na kuwawajibisha wanataaluma hao. Kusajiliwa ni mwanzo tu, lakini kunampa mteja mlango wa pili wa kugonga, na taasisi inayobandika ukutani jina la bodi hiyo na njia ya kuifikia imetoa ushahidi wa nia yake kuliko ile iliyobandika kiapo cha usiri.

Kuhusu teknolojia nitakuwa mfupi kwa lile linalojulikana na mrefu kidogo kwa lisilojulikana. Linalojulikana ni wizi mkubwa. Mwaka 2020 wateja wapatao 33,000 wa Vastaamo, kampuni ya tiba ya kisaikolojia ya Ufini, waliingia mikononi mwa mhalifu aliyeiba maandishi ya vikao vyao, akaanza kuwatumia wateja mmoja mmoja barua pepe za kudai euro 200, la sivyo angeyaanika. Mwaka 2023 kampuni ya BetterHelp ya Marekani, inayotoa ushauri kwa njia ya mtandao, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya kutuhumiwa na mamlaka ya biashara ya nchi hiyo kwamba ilipeleka taarifa za wateja kwa Facebook na wengine kwa ajili ya matangazo, ilhali iliahidi usiri. Yasiyozungumzwa ni mambo madogo ya kwetu: simu moja inayotumiwa na mume na mke, ujumbe unaotokea juu ya kioo ukisema “Kumbuka kikao chako cha ushauri kesho saa nne”, malipo ya M-Pesa yanayobaki kwenye taarifa ya miamala yakiwa na jina kamili la taasisi, na kundi la WhatsApp la wafanyakazi ambamo mtu anauliza “yule mama wa jana amerudi?” Mhalifu wa mbali anahitaji ujuzi ili aingie. Mume mwenye wivu anahitaji tu kuchukua simu iliyo mezani. Taasisi inayosajili jina la malipo lisilotaja ushauri, inayomwuliza mteja kama ni salama kumpigia na kwa saa zipi, na inayotuma ujumbe usiosema chochote, imezuia madhara mengi zaidi ya kwetu kuliko iliyonunua programu ghali ya ulinzi, ingawa ikiweza ifanye yote mawili.

Mfadhili naye ana hoja yake. Fedha za umma wa nchi nyingine au za waumini wa kanisa fulani haziwezi kutolewa bila uthibitisho kwamba watu walihudumiwa, na kuna taasisi zilizowahi kuandika wateja hewa. Anapodai orodha ya majina, sahihi na namba za simu, anajilinda dhidi ya wizi ambao ni wa kweli. Nakubali haja hiyo na kuikataa njia yake. Idadi inaweza kuthibitishwa na mkaguzi aliyekula kiapo, anayeketi ofisini, anayeona namba za majalada na tarehe bila kusoma maelezo, na anayeondoka bila nakala. Hata taarifa zilizoondolewa majina zisichukuliwe kuwa mali ya kugawa. Shirika la Crisis Text Line la Marekani, linalowahudumia watu kwa ujumbe wa simu, lilifichuliwa Januari 2022 kwamba lilikuwa likiipa kampuni ya kibiashara iliyozaliwa ndani yake mazungumzo ya watu walio katika dhiki, yakiwa yameondolewa majina, yatumike kuboresha programu za huduma kwa wateja. Sidhani kwamba mtu aliyeandika ujumbe akiwa anafikiria kufa angekubali maneno yake yafundishe mashine kuongea na wanunuzi, hata kama jina lake limefutwa. Ndani ya siku chache shirika lilisitisha mpango huo.

Na kuna siku ambayo waanzilishi hawapendi kuifikiria, siku taasisi inapokufa. Vastaamo ilifilisika Februari 2021. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi ya Kenya na Tanzania yalifunga shughuli ndani ya siku chache, na wafanyakazi wakaondoka kabla ya mkataba wa pango la ofisi kwisha. Mwenye nyumba anayedai kodi hukamata samani, na kabati la majalada ni samani. Kompyuta za mradi hurudishwa kwa mfadhili au hupigwa mnada. Hakuna kiapo cha mshauri kinachofika huko. Katiba ya taasisi inapaswa kusema tangu siku ya usajili ni majalada yapi yatachomwa moto baada ya miaka mingapi, yapi yatakabidhiwa kwa mteja mwenyewe akiyataka, ni taasisi gani nyingine imekubali kwa maandishi kuwapokea walio katikati ya huduma, na ni mjumbe yupi wa bodi ambaye, hata mishahara ikikatika, atabaki na funguo hadi kazi hiyo iishe. Mkataba wa pango nao useme kwamba kabati hilo si mali ya kukamatwa kwa deni. Wanasheria huniambia kwamba wenye nyumba hukubali sharti hilo bila ubishi likiombwa kabla ya kutia sahihi, na karibu hakuna anayeliomba.